Taka Zilizokataliwa Kwao

Mwaka 1987 mzee mmoja wa Koko, bandari ndogo ya mtoni kusini mwa Nigeria, alimkodisha mfanyabiashara kutoka Italia uwanja wa nyumba yake. Kodi ilikuwa kiasi cha dola 100 kwa mwezi. Meli zikaanza kushusha mapipa, na kufikia katikati ya mwaka 1988 uwanja ule ulikuwa na mapipa maelfu, yamepangwa juani, mengine yamevimba kwa joto, mengine yanavuja. Ndani mlikuwa na kemikali za viwandani ambazo kuziteketeza Ulaya kwa kufuata sheria kulikuwa kunagharimu fedha nyingi. Habari haikutoka kwa mkaguzi yeyote wa bandari. Ilitoka kwa wanafunzi wa Kinigeria waliokuwa wakisoma Italia, walioiona katika magazeti ya huko wakaandika barua nyumbani.

Serikali ya Nigeria ilighadhibika. Ilimwita nyumbani balozi wake, ikailazimisha Italia ije ichukue mzigo wake, na kabla ya mwaka kwisha ikatunga sheria yenye kifungo cha maisha kwa atakayeingiza taka za sumu nchini. Mapipa yakapakiwa tena. Meli mojawapo, Karin B, ikazunguka pwani za Ulaya ikitafuta pa kushusha. Hispania ikakataa, Ufaransa ikakataa, Uingereza ikakataa. Shehena iliyokaa miezi kadhaa kando ya vyumba ambamo watu wa Koko walikuwa wanalala ilionekana ni hatari mno kwa gati la Ulaya.

Katika mapipa yale hamkuwa na kompyuta hata moja. Hata hivyo naianzia hapo historia ya taka za kielektroniki, kwa sababu karibu kila kilichofuata kilikuwa kimeshaonekana Koko: sheria kali upande mmoja wa bahari, umaskini upande wa pili, na nauli ya meli iliyo nafuu kuliko gharama ya kuiangamiza sumu pale ilipotengenezwa.

Dunia ilijibu kwa Mkataba wa Basel, uliopitishwa tarehe 22 Machi 1989 na kuanza kutumika mwaka 1992. Nchi za Afrika zilikwenda Uswisi zikidai marufuku kamili. Zilichopewa ni utaratibu wa karatasi: anayetaka kupeleka taka za hatari nchi nyingine atoe taarifa kwanza, na nchi inayopelekewa iridhie kwa maandishi. Kwa kutoridhika, Waafrika walikutana Bamako Januari 1991 wakaandika mkataba wao, unaokataza moja kwa moja kuingiza taka za hatari barani. Marekani ilitia saini ule wa Basel mwaka 1990, kisha ikauweka kabatini bila kuuridhia.

Desemba mwaka huo huo wa 1991, ndani ya Benki ya Dunia, ulizunguka waraka uliosainiwa na mchumi mkuu wa benki hiyo, Lawrence Summers. Waraka ulijenga hoja kwamba, kwa hesabu za uchumi, panapofaa zaidi kutupwa sumu ni katika nchi zenye mishahara midogo kuliko zote, kwa kuwa maradhi na vifo vya huko hupoteza kipato kidogo. Ulipovuja magazetini mwaka 1992, walioandika walijitetea kwamba ilikuwa kejeli ya kuchokoza mjadala wa ndani. Nia yao wanaijua wenyewe. Ninachojua mimi ni kwamba miaka iliyofuata biashara ilifuata hoja ile hatua kwa hatua, na hakuna aliyehitaji kuusoma waraka ili aielewe.

Maana wakati huo huo kompyuta zilikuwa zinaingia kila ofisi na kila nyumba ya nchi tajiri, na zinachakaa kabla ya meza zilizozibeba. Kifaa cha kielektroniki kina tabia mbili zinazogombana. Ndani yake mna shaba, fedha, dhahabu na paladiamu, mali inayouzika popote. Mna pia madini ya risasi katika kioo cha televisheni za chogo na katika lehemu ya bodi, zebaki katika taa ndogo zilizomulika vioo bapa vya mwanzo, kadimiamu, na kemikali zilizochanganywa na plastiki ili isishike moto haraka. Kuitoa mali bila kuiachilia sumu kunahitaji mitambo, vichujio vya moshi, maabara na wafanyakazi wenye bima. Kuitoa mali na kuiacha sumu iende itakako kunahitaji nyundo, kiberiti na mtu mwenye njaa. Tofauti ya gharama kati ya njia hizo mbili ndiyo faida ya msafirishaji. Wala nauli haikuwa kikwazo, kwani makontena yaliyoleta bidhaa za China Marekani yalikuwa yanarudi Asia matupu, na mwenye meli alifurahi kupata chochote cha kuyajaza.

Mzigo mwingi wa miaka ile ulifikia Guiyu, mji wa mkoa wa Guangdong kusini mwa China, katika eneo la Shantou. Palikuwa mahali pa wakulima wa mpunga, bondeni, penye mafuriko ya mara kwa mara, na kwa sababu shamba lilikuwa halitoshi watu wake walikuwa wamezoea tangu zamani kuokota na kuuza vitu chakavu. Kuanzia katikati ya miaka ya 1990 chakavu chao kikawa kompyuta za ng'ambo. Wahamiaji kutoka mikoa maskini ya bara wakamiminika kutafuta kazi. Mwaka 2002 shirika la Basel Action Network la Seattle, chini ya Jim Puckett, pamoja na wenzake wa Asia, lilitoa ripoti na filamu ya yale waliyoyaona huko, na kwa mara ya kwanza watu wa Marekani wakaona lebo za taasisi zao, zikiwa bado zimebandikwa kwenye mashine, juu ya majaa ya China.

Kazi ya Guiyu iligawanywa kama ya kiwanda, mtaa huu kazi hii, mtaa ule kazi ile. Kulikuwa na akina mama waliokaa mbele ya majiko ya makaa ya mawe, juu yake bamba la chuma, juu ya bamba bodi ya kompyuta. Lehemu ikiyeyuka, mama anang'oa vipande kwa koleo, anavitenga, anaigonga bodi ili matone ya risasi yadondoke katika bakuli. Moshi unampanda usoni. Penye bahati palikuwa na feni. Bodi zilizokwisha kunyonyolewa zilipelekwa kando ya mto Lianjiang, ambako wanaume waliovaa viatu vya mpira walizitumbukiza katika tindikali ili kuitenga dhahabu, na tindikali iliyokwisha kazi ikamwagwa mtoni. Kwingine walivunja televisheni kwa nyundo kuchukua shaba ya shingoni na kukitupa kioo chenye risasi mitaroni. Wachambuzi wa plastiki walichoma kipande kwa kiberiti na kunusa ili kujua ni aina gani. Nyaya zilichomwa usiku. Ujira uliotajwa katika ripoti ile ulikuwa kama dola moja na nusu kwa siku.

Maji ya visima hayakuchukua muda kuharibika. Maji ya kunywa yakawa yanaletwa kwa malori kutoka Ningjing, kilomita 30 hivi, na kuuzwa. Sampuli moja iliyochotwa karibu na mto Lianjiang ilikutwa na risasi mara 190 zaidi ya kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa.

Kisha wakaja madaktari. Mwaka 2007 Profesa Huo Xia wa Chuo Kikuu cha Shantou na wenzake walichapisha matokeo ya kupima damu ya watoto 165 wa Guiyu, wa umri wa mwaka mmoja hadi sita, na kuwalinganisha na watoto wa Chendian, mji jirani usiofanya kazi hiyo. Wastani wa risasi kwa watoto wa Guiyu ulikuwa mikrogramu 15.3 katika kila desilita ya damu. Kwa Chendian ulikuwa 9.94. Kipimo cha kushtua wakati ule kilikuwa 10, na watoto wanane katika kila kumi wa Guiyu walikuwa wamekipita. Tangu hapo Marekani yenyewe imekishusha kipimo hicho hadi 3.5, kwa kuwa hakuna kiasi cha risasi kilichothibitika kuwa salama kwa mtoto.

Hapa inafaa kusimama kidogo, maana takwimu hupita haraka machoni. Mwili huichukulia risasi kana kwamba ni kalsiamu, madini ya mifupa. Huipokea, huihifadhi mifupani miaka mingi, na mwanamke akishika mimba mifupa yake huirudisha katika damu na kumpa mtoto tumboni. Kwa mtoto hugusa ubongo unaokua: hupunguza uwezo wa kujifunza, huvuruga utulivu, na kilichopotea hakirudishwi kwa dawa. Maana yake ni kwamba kompyuta iliyotupwa katika ofisi ya ng'ambo mwaka 1999 inaweza kumpunguzia akili mtoto aliyezaliwa Guiyu mwaka 2015, miaka mingi baada ya jiko la mama yake kuzimwa. Gharama hiyo haikuandikwa katika ankara yoyote.

Je, wapelekaji walijua? Mwaka 2008 Ofisi ya Uwajibikaji ya Serikali ya Marekani ilifanya jaribio. Maofisa wake walijifanya wanunuzi wa Hong Kong, India, Pakistan, Singapore na Vietnam, wakaomba kuuziwa vioo vya chogo vilivyokwisha kufa, mzigo ambao kanuni za Marekani zilizuia kusafirishwa hivyo hivyo. Kampuni 43 zilikubali. Miongoni mwao zilikuwamo zilizokuwa zinajitangaza hadharani kuwa rafiki wa mazingira na kuendesha siku maalumu za kukusanya vifaa vya wananchi. Mwananchi aliyebeba televisheni yake hadi pale, akasimama foleni, pengine akalipa ada, aliondoka akiamini ametenda wema. Huyo naye alidhulumiwa, ingawa si kwa kiasi cha mtoto wa Guiyu.

China ilikuwa imepiga marufuku kuingiza taka za kielektroniki tangu mwaka 2000. Lakini makontena yaliingia kupitia Hong Kong. China ilipoamua kweli, ilifaulu. Kufikia mwisho wa 2015 karakana za Guiyu ziliamriwa kuhamia katika eneo moja la viwanda lenye mitambo ya kusafisha maji na moshi, na tarehe 1 Januari 2018 nchi ilifunga mlango kwa aina nyingi za taka nyingine. Mzigo ukageuza njia. Mwaka huo huo wa 2018 polisi wa Thailand walikuwa wanavamia maghala yaliyojaa bodi na nyaya za ng'ambo.

Afrika Magharibi mzigo ulikwishafika kwa jina jingine. Huko haukuitwa taka wala chakavu. Ulikuja kama mtumba, na mara nyingine kama msaada kwa shule. Mtumba ni biashara halali, na kwa wengi wetu ndiyo njia pekee ya kumiliki kompyuta. Mafundi wa Accra na wale wa soko la kompyuta la Ikeja, Lagos, wana ujuzi wa kukifufua kifaa ambacho mwenye nacho wa kwanza alikata tamaa nacho, na ni dhuluma kuwaweka kapu moja na matapeli. Tapeli ni yule anayechanganya kizima na kilichokufa katika kontena moja, akaandika kwamba vyote ni vya kutumika, ili ada ya kukizika kilichokufa ibaki mfukoni mwake. Utafiti uliofanywa chini ya Mkataba wa Basel ulikuta kwamba mwaka 2009 Ghana iliingiza tani 215,000 za vifaa vya umeme na elektroniki, asilimia 70 vikiwa vimetumika, na katika hivyo vilivyotumika kama asilimia 15 havikuweza kuuzwa kabisa. Nchini Nigeria, watafiti waliokaa bandarini Lagos mwaka 2015 na 2016 walikadiria tani 60,000 kwa mwaka za vifaa vilivyotumika, vingi vikitoka Ulaya. Sehemu kubwa ilipita imeshindiliwa ndani ya magari ya mtumba, viti na buti vimejaa televisheni na friji. Angalau asilimia 19 ya vilivyopimwa havikufanya kazi.

Agbogbloshie, palipokuwa jaa la vifaa vya aina hii, iko katikati ya Accra, kando ya mto Odaw, karibu na soko la viazi vikuu na makazi ya Old Fadama. Vijana wengi waliofanya kazi hapo walitoka kaskazini mwa Ghana, ambako ardhi ni kavu na ajira ni haba. Waligawana kazi: wenye mikokoteni wakizunguka mjini kununua chakavu, wavunjaji, wanunuzi wa vyuma, na wachomaji. Hawa wa mwisho ndio walioyatoa maisha yao kwa bei ndogo kuliko wote. Mchomaji alikusanya nyaya, akawasha moto kwa matairi au sponji ya friji kuukuu, akageuza rundo kwa fimbo ya chuma hadi plastiki iishe na shaba ibaki. Moshi wa plastiki ya nyaya una dioksini. Waliumwa vichwa na vifua, wakapata majeraha ya moto mikononi na miguuni, na shaba yao ikauzwa hadi ikaishia viwandani ng'ambo. Yaani mali ilirudi ilikotoka, kilichobaki Ghana ni majivu.

Kuku wa Agbogbloshie walidonoa katika udongo huo. Mwaka 2019 mashirika ya IPEN na Basel Action Network yalipima mayai yao. Mtu mzima aliyekula yai moja tu alikuwa amepita mara 220 kiwango cha dioksini ambacho Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya inakivumilia kwa siku. Katika historia yote hii, hili ndilo linalonisumbua kuliko yote. Mchomaji anaweza kuambiwa, kwa ukatili, kwamba alijichagulia kazi. Mama muuza mayai hakuchagua, wala mtoto aliyekaangiwa yai lile asubuhi.

Kuna hoja inayorudiwa, na ina ukweli ndani yake: mwishoni, sehemu kubwa ya vilivyochomwa Agbogbloshie vilikuwa vimetumiwa na Waghana wenyewe miaka kadhaa. Sawa. Lakini televisheni iliyouzwa ikiwa imebakiza miaka miwili ya uhai ilikuja na madini yote ya risasi iliyozaliwa nayo. Aliyeitumia miaka kumi Ulaya alichukua sehemu kubwa ya manufaa na akauza pamoja nayo wajibu mzima wa mazishi, bila kuutaja.

Ghana ilitunga sheria mwaka 2016 ya kutoza ada kwa vifaa vinavyoingia ili kugharimia uchakataji salama. Tarehe 1 Julai 2021 serikali ilileta matingatinga ikabomoa jaa la Agbogbloshie. Wengi tulioona picha kwa miaka mingi tungependa kushangilia. Lakini kazi haikufa. Ilihamia ng'ambo ya mto na katika vichochoro vya makazi, pasipo hata mashine za kumenya nyaya zilizokuwa zimeletwa mwaka 2014 ili shaba ipatikane bila moto. Udongo wenyewe ulibaki palepale.

Huku kwetu Afrika Mashariki hatuwezi kuisoma habari hii kana kwamba ni ya jirani. Mwaka 2019 Basel Action Network ilieleza jinsi ilivyoficha vifuatilia vya setilaiti ndani ya vifaa 314 vilivyokufa na kuviacha katika vituo vya kukusanyia taka vya nchi kumi za Ulaya. Kumi na tisa vilivuka mipaka, na miongoni mwa nchi vilikoishia ni Ghana, Nigeria, Pakistan, Thailand na Tanzania. Kuhusu risasi yenyewe, Mombasa haihitaji kufundishwa. Katika mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda kilichoyeyusha betri za magari kuanzia 2007 hadi 2014 kiliwatia sumu majirani zake, na Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wake, aligundua kwamba mtoto wake wa kunyonya ana risasi mwilini. Wakazi walishtaki. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3, hukumu ikapinduliwa katika rufaa, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya ikairejesha. Ilichukua miaka kumi tangu kiwanda kufungwa, na baadhi ya waliodai walikwishazikwa.

Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki. Zilizothibitika kukusanywa na kuchakatwa rasmi ni asilimia 22.3. Shirika la Afya Duniani, mwaka 2021, lilikadiria kwamba watoto na vijana hadi milioni 18 wanafanya kazi katika sekta zisizo rasmi za viwanda, na uchakataji taka ni mojawapo.

Yale ambayo Waafrika waliyadai Basel mwaka 1989 yamekuja polepole mno. Marekebisho ya kuzikataza nchi tajiri kupeleka taka za hatari kwa nchi maskini yalikubaliwa mwaka 1995 na yakaanza kufanya kazi Desemba 2019, karibu robo karne baadaye. Kisha Ghana, ikishirikiana na Uswisi, ilipendekeza kuzibwa kwa ufa mwingine: kuanzia tarehe 1 Januari 2025 taka zote za kielektroniki, ziwe zimethibitika kuwa na sumu au la, haziwezi kusafirishwa kwenda nchi mwanachama bila serikali yake kuarifiwa na kuridhia kwa maandishi kabla ya meli kuondoka.

Ufa uliobaki ni uleule wa mtumba, na wa kuuziba ni sisi. Ulaya tangu 2012 inamtaka msafirishaji athibitishe kwa vipimo kwamba kila kifaa anachokiita mtumba kinafanya kazi. Mamlaka za Dar es Salaam, Tanga na Mombasa zidai cheti hicho hicho kwa kila kontena na kila gari lililoshindiliwa vifaa, na pasipo cheti mzigo urudi kwa gharama ya aliyeupeleka, kama mapipa ya Koko yalivyorudishwa. Serikali zilizoweza kupiga marufuku mifuko ya plastiki zinaweza kuweka na kanuni hii. Nawe msomaji, ukimwona mbunge wako, muulize iko wapi.